Mkongojo wa Kukunja

9 Januari

Wifi yangu mkali,

Pokea salamu kwanza, ukali baadaye. Huku tu wazima, isipokuwa pacha wana mafua, na unawajua wanao: lazima wayapate wote wawili na siku moja. Wa kwanza kang'oka jino, basi wa pili analia kwa kuwa lake bado limeshika. Mdogo wako Waziri yupo, anakusalimu. Mama mpe shikamoo yangu. Vidonge vyake vya presha vimo humu kwenye kifurushi, chini ya sweta, vile vilivyoandikwa SAMPULI, HAIUZWI. Najua anapenda kuwaonyesha majirani yale maandishi ili wajue mkwe wake si mtu wa hivihivi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunagombana. Unanikatiza kabla sijafika kwenye jambo lenyewe, nami nikikatizwa nalisahau. Hii utaisoma mpaka mwisho ndipo ugombe.

Jambo lenyewe ni kazi. Nimepata nafasi ya kuacha kuuza dawa, nikauze vifaa vya hospitali: mashine za maabara, vitanda vya wodi, na mikataba ya kuvitengeneza vikiharibika. Siyo tena kubisha mlango wa daktari mmoja mmoja na mkoba wa sampuli. Unauzia hospitali nzima, unakaa mezani na kamati, wanakuita kwa jina lako.

Kidonge changu cha presha kimetulisha miaka mingi, sikitukani. Lakini siku hizi kila duka la dawa lina kingine cha bei nafuu, dawa ileile, rangi tofauti. Daktari anaandika changu, mwenye duka anatoa cha bei nafuu, halafu meneja wa eneo ananipigia kelele mimi. Kwenye ofisi yetu tumebaki wawili, na mwenzangu ana mdomo mtamu kuliko wangu. Nimekalia kuti kavu, wifi.

Hao wa vifaa walinipokea vizuri. Meneja mwenyewe alinimiminia chai na kunisogezea biskuti. Akauliza kama naweza kuendesha gari, kama naogopa kamati, na maswali mengine ya kawaida. Waziri anasema nikiiacha nafasi hii basi sina akili. Mimi naogopa. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini hawakusema ufanye nini mbachao ukishaliwa na panya.

Wewe ni mkuu wa maabara na uko kwenye kamati ya manunuzi. Watu hawa unawaona kila mara. Niambie ukweli: ni kazi ya mtu mwenye heshima zake?

Wifi yako,
Mama Pacha


2 Februari

Mama Pacha,

Kifurushi kilifika salama, na mafua ya wanao yalifika pamoja nacho, maana ninayo. Mama hajambo isipokuwa goti. Anatembea kwa kushika ukuta, na ukuta wa sebuleni sasa una mstari wa viganja vyake toka chumbani hadi jikoni. Nilimwambia tumtafutie mkongojo, akasema mikongojo ni ya wazee. Ana miaka sabini na sita. Vidonge kavipokea, na majirani wameshaonyeshwa.

Umeuliza ukweli, basi vumilia.

Hao wanaouza mashine huja na maneno ya bure. Mashine ya bure, mafunzo ya bure, kalenda ya bure. Mashine ikishafungwa unagundua kwamba inakubali vitendanishi vya kampuni hiyo tu, yaani zile dawa tunazochanganya na damu ili ipimike. Ukiiwekea vya mtu mwingine inagoma, kufuli imo ndani kwa ndani. Siku kampuni ikichelewa kuleta, wewe mkuu wa maabara unasimama mbele ya wagonjwa na mashine inayong'aa, huna cha kuwaambia. Hospitali moja ya jirani waliichukua mashine ya namna hiyo kwa shangwe. Leo wameifunika shuka, wagonjwa wao wanakuja kupanga foleni kwetu. Rahisi ghali.

Lakini sikukatazi. Nimekuona ukiuza dawa miaka yote hii, na hujawahi kumwambia daktari kwamba kidonge kinatibu kisichotibu. Siyo kwamba wewe ni malaika, ni kwamba huna uongo wa kutosha. Labda kampuni hizo zinahitaji hata mtu mmoja wa aina yako. Ukienda, uza kitu ambacho mimi ningekinunua hata kama sikujui.

Sasa maswali yangu. Ni kampuni gani? Umejaza karatasi pande zote mbili bila kuitaja. Na hayo maswali mengine ya kawaida ni yapi? Na mwisho, umeandika kwamba mdogo wangu yupo. Hata kabati lipo. Kapata kazi au hajapata? Tulimwita Waziri tangu utoto kwa sababu alikuwa anatoa amri akiwa amekaa, na naona bado ni waziri asiye na wizara.

Wifi yako


21 Februari

Wifi yangu,

Pole na mafua, nasikia dawa yake ni kumgombeza mtu. Pacha wamepona. Jino la pili nalo limetoka, amani imerudi nyumbani. Nimemsomea Waziri habari za goti la Mama, akasikitika sana. Anauliza kama Mama anaweza kushuka ngazi za mlangoni peke yake.

Kampuni ni ile yenye nembo ya jani la bluu. Maswali ya kawaida ni ya kawaida: umeolewa wapi, ndugu zako wako wapi, wanafanya nini, utakubali kusafiri? Nikajibu yote. Mtu akikuuliza habari za ndugu zako ukikaa kimya ataona huna, au unao na unawaonea aibu. Nilikutaja, ndiyo, kwa kujivuna kabisa.

Kuhusu Waziri, anatafuta. Na usimwonee, maana yeye ndiye aliyeileta habari ya nafasi hii. Alikutana na yule meneja kwa kinyozi, wakazoeana.

Sikiliza kilichonipata juzi ndipo uelewe kwa nini nimeshaamua. Nilikaa kwenye benchi la kliniki moja asubuhi nzima, katikati ya wagonjwa, na mkoba wangu magotini. Ukikaa kwenye benchi lile kila mtu anakuangalia vibaya, anadhani utamruka foleni. Mama mmoja akaniambia, "Dada, na wewe unaumwa nini, mbona umependeza hivyo?" Hatimaye mlango ukafunguka, nikaona mtu mwenye koti jeupe ndani. Nikaingia na kuanza. Nikamweleza kidonge, nikamwonyesha michoro, nikamwambia kinavyoshusha presha polepole bila kumchosha mgonjwa. Hakunikatiza hata mara moja. Aliuliza maswali mazuri, ikiwemo kama mtu anaweza kukimeza kabla ya kula. Nilipomaliza akasema, "Mama, umenishawishi kabisa. Lakini mimi ni fundi rangi, hili koti nimeazimwa nisichafuke."

Nilicheka mpaka nikafika kwenye gari. Ndani ya gari nikalia. Kwa sababu, wifi, katika mwaka mzima huyo ndiye mtu wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho.

Mwisho wa mwezi nakabidhi barua ya kuacha kazi.

Mama Pacha


6 Machi

Mke wa mdogo wangu,

Sisi wazima. Salamu zimeisha.

Jumanne aliingia maabara yangu bwana mmoja wa suti, ana jani la bluu kifuani. Hakumwulizia mkuu wa maabara. Alisimama mapokezi akasema kwa sauti, "Namtafuta wifi yake Mama Pacha." Mbele ya wafanyakazi wangu wote. Akanipa salamu zako, kisha akanipa kalenda. Nikamwambia salamu nimezipokea, kalenda arudi nayo. Akacheka kama mtu aliyeambiwa ndiyo.

Hayo ningeyameza. Lakini nilipofika nyumbani nilimkuta Mama amesimama mlangoni, wima, anatabasamu. Mkononi ana mkongojo wa chuma wa kukunja, mpini wa mpira, na kitufe cha kuurefusha. "Mwanangu kanitumia," akaniambia. "Kaleta bwana mmoja mwenye adabu sana, amesema mwanangu Waziri ananisalimu, amesikia habari za goti langu."

Mama huyuhuyu aliyesema mikongojo ni ya wazee sasa anatoka nao hadi getini na kurudi. Hana anachofuata getini. Anatembea tu ili ausikie ukigonga. Nilimwambia tuurudishe. Alinitazama kama nimemwambia tumrudishe mtoto.

Goti la Mama nililiandika mara moja tu, kwenye karatasi, kwako.

Kamati inakaa mwezi ujao. Mezani kuna mashine mbili, na moja ni ya jani la bluu. Nikiikubali watasema nimeikubali kwa ajili yako. Nikiikataa watasema nimewafanyia unafiki, maana mkongojo wao unatembea uani kwangu. Nimeshafungwa mdomo kabla sijaufungua. Niliyekwambia uza kitu ambacho ningekinunua bila kukujua, kumbe mimi ndiye bidhaa. Umeniuza, wifi, hata bei hukuniuliza.

Usinipigie simu.


15 Machi

Wifi,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini.

Naapa kwa wanangu, sikumwambia mtu habari za goti. Nilimsomea Waziri kipande kile sebuleni kwa sababu ni mama yake. Basi. Nilipopata barua yako nilimwuliza. Akasema, "Kwani kumsaidia mama yangu ni dhambi?" Nikamwuliza mkongojo kaununua kwa hela gani. Akasema anakwenda kununua vocha. Vocha inauzwa hapo chini ya ngazi, wifi, lakini alirudi chakula chake kimeshaganda.

Siku ya pili akasema yote. Kwa kinyozi hawakukutana kwa bahati. Yule meneja alikuwa anatafuta mtu mwenye ndugu hospitalini kwenu, Waziri akasema ninaye, tena kwenye kamati. Wakamwahidi kazi ya stoo mimi nikishaanza. Na habari za goti alimpelekea yeye. Hivyo meneja aliponiuliza habari za ndugu zangu alikuwa anazijua zote, anasubiri tu kuona kama nitamficha. Na mimi nikamwaga mwenyewe, na biskuti mkononi. Kikulacho ki nguoni mwako, ila mimi nguo hiyo naifua na kuipiga pasi.

Nami nimeshakabidhi mkoba. Nimekabidhi gari, sampuli zilizobaki, hata kalamu za matangazo. Yule mwenzangu mwenye mdomo mtamu alinikumbatia, akaomba nimwonyeshe milango ya madaktari wanaofungua haraka.

Nilikwenda kwa meneja wa jani la bluu. Nikamwambia nataka kazi lakini hospitali yenu nisipangiwe, nipeleke kwingine kokote. Akasema, "Hakuna shida kabisa, Mama," macho yakiwa kwenye simu yake. Nikaamini. Miaka yote hii nakula kwa maneno matamu na bado naamini ya wenzangu.

Kinachoniuma si hicho tu. Nataka kujua waliona nini kwangu. Nataka niamini kwamba kabla ya Waziri, kabla yako, waliangalia pia jinsi ninavyofanya kazi. Nina umri wa kutaka kuamini hivyo.

Natakiwa nianze tarehe mosi Aprili. Ukiniambia nisiende, siendi. Neno moja tu.

Mama Pacha


24 Machi

Mama Pacha,

Hatujambo. Mvua imeanza, Mama anaukausha mkongojo kwa taulo akitoka nje. Pacha waambie shangazi yao amewawekea vitabu vya picha.

Nilikukasirikia sana. Ilikuwa rahisi kukukasirikia wewe kwa sababu hukuzaliwa nyumbani kwetu. Ya Waziri nayaacha. Siwezi kuyaandika, na usinilazimishe.

Umesema neno moja. Nakupa zaidi: nenda. Na nimefanya jambo ili uende ukiwa umenyoosha shingo.

Jana niliingia kwa daktari mkuu, nikamwambia wifi yangu anakwenda kufanya kazi na kampuni moja ya wale wanaotuletea mashine, kwa hiyo nimejitoa kwenye kamati. Akashangaa. Akasema si lazima, siku ya kuamua ningeweza kutoka tu chumbani wenzangu wakabaki. Nikamwambia mimi si mtu wa kusimama nusu mlangoni. Nilipotoka nikampigia yule bwana wa suti mwenyewe. Nikamwambia mimi si mjumbe tena, asinitafute, na asikanyage nyumbani kwangu.

Nisikudanganye, nitaikosa. Kwenye ile kamati ndipo mahali pekee mtu wa maabara anaongea na madaktari wananyamaza. Nilipigania kiti kile kwa muda mrefu, na jana nilipotoka sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Lakini sasa hakuna atakayesema uliingilia mlango wangu. Mlango wenyewe nimeufunga. Kama walikuona, watabaki wanakuona. Mimi nilikuona zamani, ila sikuwa na tabia ya kukuambia.

Barua hii nampa muuguzi wetu anayekuja huko kwenye mafunzo Jumatatu. Ni mwaminifu ila anajua kuzunguka.

Wifi yako


3 Aprili

Wifi,

Shikamoo ya Mama, salamu zako. Neno moja nililoomba halijafika. Nimehesabu ukimya wako kuwa ni hasira, na nimeona ni haki yako.

Nilikwenda kazini juzi. Nilinunua viatu vipya. Msichana wa mapokezi akaniambia nikae, nikakaa kwenye kiti kilekile nilichokalia siku ya chai. Safari hii chai haikuja. Baadaye akanipa bahasha. Mahitaji ya kampuni yamebadilika, wananishukuru, wananitakia mema. Nikaomba kumwona meneja. Akasema katoka. Gari lake lilikuwa nje, na nilimsikia anakohoa nyuma ya mlango.

Nimekosea wapi? Waziri anasema ni kile kiherehere changu cha kukataa hospitali yenu. Labda. Nilirudi kwenye dawa kuomba mahali pangu, meneja wa eneo akaniambia eneo langu limeshaunganishwa na la mwenzangu. Alisema kwa huruma, ndiyo maana iliuma.

Viatu nimevirudisha dukani, wamekataa kuvipokea kwa kuwa vimetembea.

Nijibu hata kwa kunitukana.

Mama Pacha


12 Aprili

Wifi,

Muuguzi wenu amenifikia leo. Alianzia kwa dada yake, kisha mafunzo, kisha ndipo akanikumbuka. Nimeisoma barua yako ya tarehe ishirini na nne, na sasa sihitaji kuuliza tena nimekosea wapi.

Hawakuniajiri mimi. Walikuajiri wewe. Mimi nilikuwa bahasha, na bahasha ikikutwa haina kitu inatupwa. Ulipompigia yule bwana ukamwambia wewe si mjumbe tena, ulikuwa unanifukuza kazi, wifi, kwa sauti yako mwenyewe na kwa nia njema kabisa.

Nimekaa natafuta kosa lako nikutukane, silioni. Ungekuwa mwovu ningekutukana nikapumzika. Umefanya jambo la haki na limenimaliza. Ungeniuliza tu. Hukuniuliza kwa sababu wewe ukijua lililo sawa huulizi mtu, na sisi wengine tunakuta limeshafanyika. Hata Mama hukumwuliza kuhusu ule mkongojo, ulimwamuru aurudishe.

Niliyeomba neno moja ni mimi, najua. Nilikupa uamuzi wangu uubebe, nikitaka ukigeuka vibaya uwe wako. Haya, umegeuka.

Stoo ya Waziri nayo imeyeyuka. Anazunguka nyumbani akisema dada yake ana roho mbaya, hataki ndugu zake wainuke. Nilimjibu. Nilichomjibu sikiandiki kwa sababu najua barua unazitunza.

Pacha wanakusalimu. Usinijibu haraka.


18 Juni

Mama Pacha,

Sikujibu haraka, kama ulivyotaka.

Mama anaendelea, mimi naendelea. Zile sampuli ulizomtumia zimekwisha, sasa anameza vya dukani vya rangi nyingine. Anauliza mbona havina maandishi. Presha yake ni nzuri vilevile. Hawaonyeshi tena majirani.

Nikupe habari za kazini ujue yote. Kiti changu kilikaliwa wiki ileile na mfamasia mkuu. Kamati ilikaa, mashine ya jani la bluu ikapita bila mtu kuuliza swali. Imefungwa kwenye kona yangu, karibu na dirisha. Ile ya zamani imepelekwa stoo. Ni nzuri, haina kelele, na kufuli imo ndani kama nilivyokwambia. Kuitumia ni lazima, kwa hiyo naitumia.

Mwezi uliopita akaja dada mmoja kutufundisha. Ana tabasamu, anasoma kitabu cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa, ukimwuliza swali anarudi mwanzo wa ukurasa. Ni mkwe wa mfamasia mkuu, kaolewa na mwanawe. Ndiye aliyepewa kazi yako. Hana ubaya wowote. Tulipokuwa tunanawa mikono aliniambia bado haamini bahati yake, maana kwenye usaili walimnywesha chai, wakamwuliza kama anaweza kuendesha gari, na maswali mengine ya kawaida.

Nilimpa taulo.

Nimefikiri sana juu ya barua yako, na sehemu kubwa ni kweli. Nilijitoa ili mikono yetu iwe safi. Mikono ni safi. Ila nilichokisafisha hasa ni njia yao. Ningebaki ningeipinga ile mashine kwa kinywa kipana, ungeikosa kazi vilevile, lakini maabara ingepona na mimi ningekuwa na kiti cha kukupigania kwingine. Nilitaka nionekane sina doa. Hiyo nayo ni aina ya tamaa, na nimeijua nikiwa mtu mzima.

Nisamehe. Sijui kuliandika neno hilo vizuri, mwandiko umeharibika hapo, unaona.

Mama amekaa hapa mezani. Anajua nakuandikia, na anataka niandike maneno yake kwa mwanawe kama yalivyo, nisipunguze. Naandika:

"Mwanangu Waziri. Mkongojo wako umenifikisha leo hadi duka la kona, sikushika ukuta wala bega la mtu. Dada yako ananipa chakula na dawa, sisemi hanitunzi. Lakini wewe uliye mbali ndiye uliyeliona goti langu. Watu wananiuliza nani kakununulia, nawaambia mwanangu, yule mnayesema hana kazi. Mungu akupe."

Nimeandika yote. Msomee wewe, mimi siwezi.

Wifi yako


2 Julai

Wifi yangu,

Huku tu wazima. Pacha wamefungua shule, wanagombania kiti cha mbele.

Neno lako nimelisoma, hata pale mwandiko ulipoharibika. Nimelipokea. Bado linauma, lakini nimelipokea.

Nimepata kazi kwenye duka la dawa, nyuma ya kaunta. Nauza kile kidonge cha bei nafuu kilichoua cha kwangu. Juzi akaja yule fundi rangi, safari hii na ovaroli yake. Presha imempanda. Akaniambia anataka kile nilichomweleza, anakikumbuka kwa jina. Nikamwambia hiki cha bei nafuu ni dawa ileile, ahifadhi hela yake. Akanishukuru sana. Alipotoka nilipanga upya maboksi ambayo yalikuwa yamepangika.

Waziri nimemsomea maneno ya Mama, yote, sikupunguza. Pacha nilikuwa nimewatoa nje. Nilidhani atakwenda kununua vocha. Hakwenda. Alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta uso kwa kiganja.

Kisha akaniuliza ule mkongojo ni wa mbao au wa chuma.

Mama Pacha